Payen: Mkemia aliyefichua nguvu ya kimea na ugumu wa mti

KILA anayejua kupika togwa anaijua kanuni moja: kimea hakitiwi kwenye uji unaochemka. Uji huepuliwa, ukaachwa upoe hadi kiasi cha kuvumilika kwa kidole, ndipo unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa humwagwa ndani na kukorogwa. Baada ya muda uji uliokuwa mzito hulegea, ukawa mwepesi, na utamu huanza kusikika mdomoni ingawa hakuna aliyetia sukari. Akikosea mpishi, akakitia kimea wakati sufuria ingali motoni, kazi yake imeharibika.

Wapishi wa togwa na wagema wa pombe za nafaka waliishika kanuni hiyo kwa karne nyingi bila kuhitaji maabara. Sababu yake ilianza kufahamika jijini Paris mwaka 1833, pale wakemia wawili walipofanikiwa kuitoa nje ya shayiri iliyoota ile nguvu inayolegeza wanga, wakaikausha na kuiweka mezani ikiwa unga mweupe. Mmoja wao alikuwa Anselme Payen.

Jina lake halikuenea duniani kama la Mfaransa mwenzake, Louis Pasteur, aliyekuja baada yake. Hata hivyo, wanaosomea kemia ya viwanda, karatasi, nguo na nishati itokanayo na mimea hawawezi kumkwepa. Ndiye aliyewapa wanasayansi kimeng'enya cha kwanza kutenganishwa na kiumbe hai. Miaka mitano baadaye, huyohuyo akaitambua selulosi, kitu kinachoipa miti, majani na pamba mwili wake. Ni nadra kwa mtu mmoja kubahatika kupata mambo mawili makubwa kiasi hicho. Ajabu ni kwamba mambo hayo mawili hayakupata kukutana akiwa hai.

Payen alizaliwa Paris Januari 1795, wakati Ufaransa ikiwa bado katika misukosuko ya mapinduzi. Baba yake, Jean-Baptiste Payen, alikuwa mtu wa sheria aliyeiacha kazi hiyo na kugeukia viwanda vya kemikali. Katika kiwanda chake cha Grenelle, ambacho wakati huo kilikuwa nje ya jiji, alichoma mifupa na masalia mengine ya wanyama ili kupata chumvi ya amonia. Haikuwa kazi yenye harufu ya kupendeza, lakini ilikuwa na faida, na ilimpa kijana wake darasa ambalo watoto wengi wa wenye uwezo hawakulipata.

Baba huyo alimfundisha mwanawe sayansi nyumbani tangu angali mdogo. Baadaye Anselme alijifunza kemia kwa magwiji wa zama hizo, Louis Nicolas Vauquelin na Michel Eugène Chevreul. Kwa hiyo alipoingia kazini alikuwa na vitu viwili vilivyokuwa vikitengana kwa wengi: elimu ya mabingwa na mikono iliyozoea masizi ya kiwandani.

Akiwa na umri wa miaka 23 hivi alikabidhiwa usimamizi wa kiwanda cha kusafisha boraksi, madini yaliyohitajika sana na wahunzi, masonara na watengenezaji wa vioo. Boraksi yote iliyotumika Ulaya ilitoka Mashariki na biashara yake ilikuwa mikononi mwa Waholanzi, waliopanga bei watakavyo. Payen akatafuta njia ya kuitengeneza kwa kuchanganya magadi na asidi ya boriki. Alipofanikiwa aliiuza kwa takriban theluthi moja ya bei ya Waholanzi, na ukiritimba wao ukavunjika.

Baba yake alipofariki dunia mwaka 1820, viwanda vya familia vikawa chini yake. Hapo ndipo alipoyatazama upya makaa ya mifupa, yaliyokuwa yakibaki baada ya amonia kutolewa. Makaa hayo yana uwezo wa kunyonya rangi na uchafu kutoka kwenye maji. Payen hakuwa wa kwanza kuligundua hilo, na si haki kumvika sifa isiyo yake. Alichofanya ni kuchunguza kwa nini makaa hunyonya, akaandika juu yake mwaka 1822, na kusaidia kuyaeneza katika viwanda vya sukari ya viazisukari. Tangu Napoleon alipohimiza kilimo cha zao hilo baada ya sukari ya miwa kuzuiwa baharini, Wafaransa walikuwa wakihangaika kuipata sukari iliyo nyeupe.

Ni katika mazingira hayo ya sukari, wanga na pombe ndipo likazuka swali la kimea.

Ilikwisha kujulikana kwamba wanga unaweza kugeuzwa sukari. Mwaka 1811 Gottlieb Kirchhoff, akiwa St. Petersburg, alichemsha wanga pamoja na asidi kali akapata sharubati tamu. Baadaye akaonyesha kwamba hata shayiri iliyoota inaweza kuifanya kazi hiyo bila asidi. Lakini ni kitu gani hasa ndani ya shayiri kinachofanya kazi hiyo? Je, ni punje nzima yenye uhai wake, au kuna dutu fulani inayoweza kushikwa, kupimwa na kuwekwa chupani?

Payen alilishughulikia swali hilo pamoja na Jean-François Persoz, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 10. Waliisaga shayiri iliyoota, wakailoweka katika maji baridi na kuichuja. Kisha wakaongeza pombe kali katika maji yale, na chembe nyeupe zikaanza kujitenga na kutuama chini. Wakazikusanya na kuzikausha. Unga uliopatikana ulipowekwa ndani ya maji ya wanga yenye joto la nyuzi 65 hadi 75 za sentigredi, rojo likalegea na sukari ikajitokeza.

Kilichowashangaza ni uchache wa unga uliohitajika. Walikadiria kwamba sehemu moja yake yatosha kulegeza sehemu 2,000 za wanga. Asidi ya Kirchhoff ilikuwa ikitumia nguvu. Unga huu ulikuwa kama fundi anayefungua pingu moja baada ya nyingine bila yeye mwenyewe kuisha. Wakauita diastasi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kutenganisha.

Lakini waliona pia udhaifu wake. Joto lilipozidi na maji yakachemka, diastasi ilipoteza nguvu zake zote na haikuzirudia hata maji yalipopoa. Leo inafahamika kwamba kimeng'enya ni protini iliyokunjwa kwa namna maalumu, na joto kali huikunjua, kama vile ute wa yai unavyoganda kikaangoni na kutorudi tena kuwa ute. Payen na Persoz hawakuwa na maelezo hayo. Walikuwa na kipimajoto na uaminifu wa kuandika walichokiona. Ndiyo kanuni ileile ya mpishi wa togwa, safari hii ikiwa na tarakimu.

Faida haikuchelewa. Diastasi iliwawezesha wenye viwanda kutengeneza dekstrini, gundi ya wanga iliyotumika katika nguo na karatasi, na iliwapa wapika bia maelezo ya jambo walilokuwa wakilifanya kwa mazoea. Persoz aliendelea na kazi zake na kuwa profesa huko Strasbourg, akafariki dunia mwaka 1868. Payen akabaki Paris, na mwaka 1835 akaanza kufundisha katika École Centrale, chuo kilichokuwa kikiandaa wahandisi wa viwanda.

Baada ya wanga, Payen aligeukia mti wenyewe. Watu wa wakati huo walidhani kuni za mwaloni, majani, nyuzi za pamba na maganda ya mbegu ni vitu tofauti kabisa, kila kimoja na asili yake. Yeye alichukua sampuli za mimea mingi, akazichemsha kwa asidi ya nitriki, akazisafisha kwa magadi makali, kwa pombe na kwa etha, akiondoa hatua kwa hatua kila kilichoweza kuondolewa. Mwishoni, bila kujali alianza na mmea gani, alibaki na kitu kimoja: nyuzi nyeupe zilizokataa kuyeyuka.

Alipozipima akakuta jambo lililomfanya asite. Kaboni, haidrojeni na oksijeni zilikuwamo kwa viwango vilevile vya wanga. Kaboni, mathalani, ilikuwa kama asilimia 44. Yaani kitu kinacholegea kwa urahisi ndani ya sufuria ya uji, na kitu kinachosimamisha mbuyu kwa mamia ya miaka, vimejengwa kwa malighafi moja na kwa vipimo sawa!

Taarifa yake ilifika mbele ya Akademia ya Sayansi ya Ufaransa mwaka 1838. Wanazuoni walioteuliwa kuichunguza, Jean-Baptiste Dumas akiwa miongoni mwao, walitoa ripoti yao mwaka 1839, na humo likaonekana neno selulosi, kutokana na seli za mimea ambazo kuta zake hujengwa kwa dutu hiyo. Payen alieleza pia kwamba ndani ya ubao selulosi haikai peke yake, bali imegandamana na kitu kingine chenye kaboni nyingi zaidi. Kitu hicho hujulikana leo kama lignini, na ni adui mkubwa wa kila mtengeneza karatasi.

Kwa nini basi wanga ulegee na selulosi isilegee? Jibu lilipatikana katika karne ya 20. Vyote viwili ni minyororo ya glukosi, ila namna pete zake zilivyoungwa hutofautiana. Katika wanga, mnyororo hujipinda kama chemchemi ya saa, na maji pamoja na vimeng'enya hupenya kwa urahisi. Katika selulosi kila glukosi imegeuzwa kinyume na jirani yake, mnyororo ukanyooka kabisa. Minyororo iliyonyooka hulala bega kwa bega na kushikana, kama fito zilizofungwa tita moja, hata maji hayapati pa kuingilia. Diastasi ikiletwa hapo haina inachoweza kufanya. Ufunguo wake si wa kitasa hicho.

Asidi iliweza. Tangu mwaka 1819 mkemia mwingine wa Ufaransa, Henri Braconnot, alikwisha kupata sukari kutokana na matambara ya kitani kwa kutumia asidi ya salfa. Lakini asidi hula vyombo, huhitaji kuondolewa baadaye, na huharibu sehemu ya sukari inayoizalisha. Njia ya upole, mfano wa kimea, haikuwapo. Payen alikuwa na kimeng'enya mkono mmoja na selulosi mkono wa pili, na daraja la kuviunganisha hakulipata.

Miaka yake iliyofuata ilikuwa ya heshima na kazi nyingi. Mwaka 1839 alipewa uprofesa katika Conservatoire des Arts et Métiers, taasisi iliyotoa mihadhara kwa mafundi na wafanyakazi bila kuwabagua, na mwaka 1842 akachaguliwa kuwa mjumbe wa Akademia ya Sayansi. Aliandika kitabu kikubwa cha kemia ya viwanda, akachunguza vyakula na magonjwa ya viazi. Aliendelea na utafiti na ufundishaji hadi uzeeni.

Alifariki dunia Paris Mei 1871, akiwa na umri wa miaka 76. Wakati huo jiji lilikuwa limetoka kwenye mzingiro wa majeshi ya Prussia, likawa mikononi mwa Komyuni, na mizinga ya serikali iliyokuwa Versailles ilikuwa ikililenga. Siku chache baadaye zikafuata mapigano ya mitaani yaliyoua maelfu ya watu. Katika mwezi kama huo kifo cha mkemia mzee hakikuweza kuwa habari kubwa.

Mwaka 1879, katika jiji hilohilo, Pierre Miquel aliripoti jambo lililoonekana kama kichekesho. Katika maji ya mto Seine alipata bakteria waliokuwa wakistawi kwenye joto la zaidi ya nyuzi 70, joto ambalo wataalamu waliamini huua kila kilicho hai. Hakuna aliyeuhusisha ugunduzi huo na diastasi wala selulosi. Ilhali jibu la udhaifu alioushuhudia Payen mwaka 1833 lilikuwa limeanza kuonekana. Kama kuna viumbe wanaoishi ndani ya maji ya moto, basi vimeng'enya vyao navyo vinauhimili moto.

Mwishoni mwa karne hiyo Émile Duclaux, mwanafunzi wa Pasteur, alipendekeza kwamba majina ya vimeng'enya vyote yaishie kwa silabi ya mwisho ya diastasi, kwa heshima ya kile kilichotangulia. Kwa utaratibu huo, kimeng'enya kinachovunja selulosi kikaitwa selulasi. Nusu ya jina hilo ni ya mwaka 1838 na nusu ya pili ni ya mwaka 1833. Ni Payen mtupu.

Kuzipata selulasi zenyewe kulichukua muda. Mwaka 1926 alielezwa bakteria aitwaye Clostridium thermocellum, ambaye wataalamu sasa humwita Acetivibrio thermocellus, anayekula selulosi pasipo hewa kwenye nyuzi 60 hivi. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la Marekani likasumbuliwa na kuoza kwa mahema na nguo za pamba katika visiwa vya Pasifiki. Uchunguzi wa uharibifu huo ulimtoa kuvu mmoja wa Visiwa vya Solomon, ambaye baadaye aliitwa Trichoderma reesei kwa heshima ya mtafiti Elwyn Reese. Kuvu huyo akawa mzalishaji mkuu wa selulasi viwandani.

Selulasi za kuvu hufanya kazi vizuri karibu na nyuzi 50. Hapo ndipo penye tabu. Makapi ya miwa, mabua au vipande vya mbao hupikwa kwanza kwa mvuke mkali ili lignini ilegee. Kisha lazima vipoozwe kabla kimeng'enya hakijaingizwa, kama uji wa togwa. Kupooza hugharimu muda na nishati, na katika joto la wastani vijidudu wengine huvamia na kuila sukari. Kimeng'enya kinachostahimili nyuzi 70 au 80 kingeingizwa mapema, kingefanya kazi upesi zaidi, na wavamizi wengi wasingeweza kuingia.

Ndiyo maana watafiti waligeukia majimoto. Thomas Brock alikuwa amekwisha kuonyesha, kwa uchunguzi wake wa miaka ya 1960 katika hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani, kwamba chemchemi za moto zimejaa uhai. Mwaka 1983 Raphael Lamed na Edward Bayer, wakifanya kazi Tel Aviv, walieleza kwamba yule bakteria wa mwaka 1926 havimwagi vimeng'enya vyake ovyo, bali huvipanga juu ya jukwaa moja la protini, kila kimoja na kazi yake, vikaishambulia selulosi kwa pamoja kama kikosi.

Kutoka chemchemi za Kamchatka, Mashariki ya Mbali ya Urusi, alipatikana Caldicellulosiruptor bescii, anayestawi kwenye nyuzi 75 hivi. Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walieleza juu ya kimeng'enya chake kiitwacho CelA, chenye vichwa viwili vya kukatia katika mwili mmoja. Katika picha za hadubini kilionekana hakiishii kuparua uso wa selulosi, kama zifanyavyo selulasi za kuvu. Kilikuwa kikichimba mashimo kuingia ndani ya tita.

Afrika Mashariki nayo imo katika habari hii. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lililalamika kwamba vijidudu vilivyochukuliwa miaka ya 1990 katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, Bogoria likitajwa, vilitumika ng'ambo kutengenezea selulasi za kuchakaza nguo za jinzi na za sabuni za kufulia, pasipo nchi kupata mgao. Suala hilo lilileta mabishano. Boraksi ya Waholanzi ilikuwa na mwenyewe aliyejulikana. Kijidudu cha ziwani ni vigumu zaidi kukiwekea mwenyewe.

Mafuta ya magari kutokana na mabua na mbao yamezalishwa katika viwanda kadhaa duniani, lakini gharama zimevishinda baadhi yao na milango ikafungwa. Bei ya selulasi imekuwa miongoni mwa sababu zinazotajwa. Unga wa Payen na Persoz ulitosha wanga uliouzidi mara 2,000. Selulosi haijapata mshindani mwepesi kiasi hicho.

Tangu mwaka 1962 Chama cha Kemia cha Marekani, kupitia kitengo chake cha selulosi, hutoa tuzo yenye jina la Anselme Payen kwa waliofanya vyema katika utafiti wa dutu hiyo na zinazofanana nayo.